Nilitengwa na Kanisa kwa Kosa la Kutowahi Kulewa

Mwaka juzi kanisa letu lilinitenga miezi mitatu. Kosa langu: sijawahi kulewa hata siku moja.

Umesoma vizuri. Rudia ukitaka, mimi nasubiri.

Sijawahi kulewa, sijawahi hata kuonja. Pombe naijua kwa harufu tu, tena harufu ya watu wengine. Na kwa hilo nilisimamishwa mbele ya wazee saba wa kanisa, mmoja wao akifuta machozi.

Tulia nikusimulie. Sitaongeza kitu, maana huo ugonjwa wa kuongeza ndio ulionifikisha hapa.

Mimi ni fundi makochi. Unaniletea kochi limezama katikati, nalivua kitambaa, natoa sponji la zamani, naweka jipya, nalivalisha upya. Nina chumba kimoja cha kazi, cherehani moja, na jirani anayechomelea mageti ambaye hajui kunisalimia bila kupiga kelele.

Nilihamia mji huu nikiwa na miaka ishirini na sita. Simjui mtu, mtu hanijui. Nikatafuta kanisa, nikalipata, nikakaa benchi la nyuma.

Sasa kanisa lile lilikuwa na utaratibu wake. Kila Jumamosi alasiri kuna kipindi cha ushuhuda, na mgeni lazima asimame aeleze Bwana alimtoa wapi.

Jamani, mimi Bwana hakunitoa popote. Nimelelewa na mama mjane aliyenipeleka shule ya Jumapili tangu sijui kufunga kamba za viatu. Dhambi yangu kubwa utotoni ni kulamba sukari na kumsingizia paka. Na paka mwenyewe alikuwa wa jirani.

Hebu niambie, utasimama mbele za watu useme hivyo?

Jumamosi yangu ya kwanza, kabla yangu alisimama jamaa mmoja mwembamba, akasema zamani alikuwa jambazi. Akataja visu. Akataja kuruka kuta za watu. Kanisa likalipuka, mama mmoja akavua kitambaa cha kichwa akawa anakipunga, kwaya ikaingia na wimbo bila kuambiwa.

Mchungaji akanigeukia, bado anahema.

"Na wewe kijana, Bwana alikutoa wapi?"

Nikafungua mdomo niseme nyumbani. Kweli kabisa, nilitaka kusema nyumbani.

Nikasikia sauti yangu inasema, "Mtaroni."

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Nilikuwa mlevi," nikasema.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nikaoga. Nikasema niliuza kitanda cha mama yangu nikanywea. Nikasema nililala mtaroni mvua inaninyeshea, mbwa akaja akanilamba uso, nikaamka, nikaacha pombe pale pale na sikugeuka nyuma tena.

"Siku moja tu?" mchungaji akauliza.

"Siku moja tu."

Amen iliyopigwa hapo, nilidhani mabati yataruka.

Tangu siku hiyo nikawa Ndugu Mtaro. Nikahama benchi la nyuma, nikapewa kiti cha mbele, chenye mto. Makanisa mengine yakaanza kuniita. Nikienda nashuhudia, napewa soda, narudi.

Na hadithi nayo ikawa inanenepa. Mwaka wa pili mbwa walikuwa wawili. Mwaka wa tatu walikuwa watatu, na mmoja alikuwa na kichaa.

Humo humo kanisani nikapata mke, mwimbaji wa kwaya, mwalimu wa watoto wadogo. Siku tulipokubaliana kuoana aliniambia jambo ambalo nililipokea kwa tabasamu, mjinga mimi.

"Kaka yangu anakunywa sana," alisema. "Nilipokusikia ukishuhudia, nikajua na yeye anaweza kupona. Ndipo nilipoanza kukupenda."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi nilisema, "Amina."

Basi, mtu mmoja akarekodi ushuhuda wangu kwa simu. Ukatumwa huku, ukatumwa kule, ukamfikia mama yangu kwenye mji niliokulia.

Akapiga simu. "Mwanangu, kumbe ulikuwa unakunywa?"

"Zamani, Mama."

"Na hicho kitanda uliuza kipi? Mbona changu ninacho, nimekikalia hapa?"

"Kingine, Mama."

Akaanza kulia. Akasema ni kosa lake. Alikuwa anatoka kazini amechoka, hakuniangalia vizuri, hakuona mwanawe anapotea. Akaniomba msamaha.

Nikamsamehe.

Ndugu yangu unayesoma, nilimsamehe. Nikamwambia asijali, yamepita. Mpaka leo nikikumbuka natamani nijizabe kofi.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Shemeji yangu, huyo kaka wa mke wangu, ni fundi rangi. Fundi kwelikweli, anapiga mstari kwa mkono mtupu ukadhani kashika rula. Lakini ilifika mahali asubuhi mkono haushiki brashi mpaka anywe kwanza. Akapoteza kazi, mke akaondoka. Akaja kwetu na begi moja.

Alinifuata kwenye karakana yangu, akakaa kwenye kochi la mteja.

"Shemeji, nimejaribu mara tatu kuacha. Mara zote narudi. Wewe uliwezaje siku moja?"

Hapo ndipo ningesema. Hakukuwa na mtu mwingine, na jirani alikuwa anachomelea, hata ningepiga kelele nisingesikika.

Lakini umaarufu mtamu, wee! Nikakohoa kidogo kama mtaalamu.

"Ni kukata," nikasema. "Unakata kama kamba. Funga mlango siku tatu, kunywa maji ya moto na limau, omba."

"Mwili unatetemeka sana lakini."

"Utatetemeka, utaacha."

"Dada anasema kwanza nikaonane na daktari."

"Mimi sikwenda kwa daktari," nikasema. Na hiyo ilikuwa kweli.

Jumapili mchana shemeji akaingia chumba cha uani. Mke wangu alitaka tumpeleke hospitali kwanza, nikamwambia asimpunguzie kaka yake imani. Akaniamini. Angeachaje kumwamini Ndugu Mtaro?

Jumanne saa nane mchana niko kazini, midomo imebana pini sita, simu ikalia.

"Njoo!" mke wangu anapiga kelele. "Njoo, kaka anakufa!"

Pini nilizitema wapi sijui. Jirani mchomeleaji aliniona ninavyokimbia, akawasha pikapu yake bila kuuliza kitu. Tulimkuta shemeji sakafuni, mwili mzima unakakamaa na kurukaruka, macho yamegeuka, povu mdomoni. Mke wangu amemshika kichwa kisigonge sakafu, analia jina la Yesu.

Nilimbeba miguu. Alikuwa mwepesi mno kwa mtu mzima, na mimi hofu ilinikamata mpaka nikashindwa hata kuomba.

Hospitali wakampokea mbio. Daktari, mama mmoja mtu mzima asiye na haraka, alitoka baada ya saa nzima.

"Ametulia kwa sasa. Nani alimwambia akatishe pombe ghafla bila dawa?"

Mke wangu akanionyesha kwa mkono. Tena kwa heshima. "Mume wangu. Yeye mwenyewe alikuwa mlevi, aliacha siku moja."

Daktari akanitazama. "Ulikuwa unakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Nyingi."

"Nyingi kiasi gani?"

"Ndoo," nikasema.

"Ndoo ya nini?"

"Ya... mchanganyiko."

Hakuandika. Akafunga kalamu yake. "Sikiliza, baba. Mtu anayekunywa kama huyu akikatisha ghafla anaweza kupata kifafa akafa. Anatakiwa asimamiwe. Kama kweli uliacha hivyo, ulikuwa na bahati. Kama hukuacha hivyo, usimshauri mtu mwingine tena."

Akaondoka. Viatu vyake vilisikika korido nzima.

Siku ya tatu shemeji akaweza kukaa. Tulikwenda mchana, muda wa kuona wagonjwa. Mke wangu akakaa kwenye stuli anamenya chungwa. Shemeji ana sindano ya maji mkononi, sauti imekauka.

"Shemeji," akasema, "na wewe ilikuwa hivi?"

Nitakuambia nilichowaza, maana nimeahidi kutoficha. Niliwaza nikisema kweli, huyu atakata tamaa, akitoka hapa anaingia baa. Nikisema uongo, atanifuata tena na mara hii tutamzika. Na nyuma ya mawazo hayo mazuri kulikuwa na la tatu, dogo, la aibu: nitakipoteza kile kiti chenye mto.

"Shemeji," nikasema, "mimi sijawahi kunywa."

Akatabasamu kidogo. "Tangu uache?"

"Tangu nizaliwe."

Kisu cha mke wangu kikasimama.

"Na mtaro?" shemeji akauliza.

"Hakuna mtaro."

"Na mbwa?"

"Mbwa hakuna. Hata mmoja."

Alinitazama, kisha akageukia ukuta. "Toka," akasema.

Nikatoka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mke wangu hatua kumi mbele yangu. Mlangoni akasimama.

"Kwa hiyo mimi nimeolewa na nani?"

"Na fundi makochi," nikasema.

Hakucheka, na mimi sikuwa natania. Wiki tatu alilala chumba cha watoto wetu.

Kesho ya siku ile ya hospitali nikaenda kwa mchungaji, nikamweleza yote. Alinisikiliza amefumba macho, nikadhani anaomba. Alikuwa anafikiri.

"Jambo hili tunaweza kulimaliza humu ndani," akasema. "Ni watu wangapi wameguswa na ushuhuda wako?"

"Sijui, mchungaji."

"Ni wengi. Sasa uwavuruge kwa faida gani?"

"Shemeji yangu alikuwa afe."

"Lakini hajafa."

Nilimtazama. Ni mtu mwema, amewazika watu wengi na kuwalisha wengi, na pale alikuwa anaogopa tu. Nilimwelewa, maana mimi nimeogopa miaka minane.

"Jumapili nitasema, mchungaji," nikamwambia. "Ukininyima maiki nitasema bila maiki. Nina sauti, nimezoea kushindana na mchomeleaji."

Jumapili nikasimama. Nikasema, "Bwana asifiwe. Mimi sijawahi kuwa mlevi."

Mtu mmoja akapiga Amen kwa mazoea, halafu akajishika mdomo.

Nikasema yote: kitanda, mtaro, mbwa, ndoo. Nikasema nimemdanganya mama yangu, nimemdanganya mke wangu, na nimekaribia kumuua shemeji yangu kwa maji ya limau. Nikaomba msamaha. Hakuna aliyelia, hakuna kitambaa kilichopungwa. Kwaya ilikaa kimya mpaka nikarudi kukaa, na kiti changu nikakuta kimeshakaliwa.

Wazee saba wakakutana Alhamisi. Yule aliyelia alisema, "Nilimsimulia mwanangu habari za wale mbwa. Nimwambie nini sasa?"

Wakanitenga miezi mitatu, nisihudumu popote. Katibu alitafuta pa kuandika kosa akakwama, mwisho akaandika: *Hakuwa mlevi.* Kitabu kipo, kaangalie.

Nilipokuwa mlevi nilipewa maiki na soda. Nilipogundulika si mlevi, nikatengwa. Lakini silalamiki, adhabu ilikuwa haki yangu, ila tu imeandikwa vibaya.

Nikampigia mama.

"Mama, sikuwahi kunywa pombe. Nilidanganya."

Akashusha pumzi. Halafu kwa upole kabisa, "Umeanza tena, eh?"

"Mama, sijaanza..."

"Walevi wote husema hivyo, mwanangu. Ngoja nikuombee."

Akaniombea hapo hapo kwenye simu, dakika kumi na mbili. Mpaka leo haamini. Nikipiga simu asubuhi ananiuliza kama nimekula kwanza.

Wiki iliyofuata yule jamaa mwembamba, jambazi aliyeokoka, akaja karakana na kiti kimoja cha kulia chakula. Kiti kizima kabisa, hakina hata mkwaruzo. Akageuka kuangalia mlangoni.

"Fundi, mimi zamani nilikuwa natunza maktaba."

Nikaweka nyundo chini. "Na visu?"

"Cha mkate."

"Na kuruka kuta?"

"Mara moja. Nilisahau ufunguo wa nyumbani kwangu."

Akakikalia kiti chake.

"Sasa nifanyeje?" akauliza.

"Mimi nimetengwa," nikamwambia. "Siruhusiwi kutoa ushauri."

Akabeba kiti chake akaondoka. Kama alisema au hakusema, hilo ni lake na Mungu wake. Unaona sijataja jina.

Shemeji alitoka hospitali na dawa, akapanga chumba mtaa wa pili. Kila Jumatatu anakwenda kliniki. Mimi alikuwa hanisalimii. Tukikutana njiani anavuka upande wa pili, nami namwacha avuke. Habari zake nazisikia kwa mke wangu, ambaye alikuwa amerudi chumbani kwetu ila bado ananiita "fundi."

Nilichotaka kilikuwa kimoja tu: yule mtu asirudi kwenye chupa. Akirudi, damu yake iko mikononi mwangu. Sikupata usingizi mzuri miezi ile.

Wiki ya saba tangu atoke hospitali, Jumamosi, kipindi cha ushuhuda. Mimi niko benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Mchungaji akainuka uso unang'aa.

"Wapendwa, leo tunaye mlevi wa kweli!"

Shemeji akapanda mbele. Shati jeupe, tai, amenyoa. Watu wakaanza kupiga makofi kabla hajasema kitu. Kwaya ikakaa tayari. Mke wangu ameshika mikono yake kifuani.

"Mimi ni mlevi," akasema. "Nimetoka hospitali wiki saba zilizopita."

"Amen!"

"Leo nina siku nne."

Makofi yakapungua, kama mvua inayokatika. Watu walikuwa wanahesabu.

"Jumanne nilikunywa," akasema. "Nilipita mlangoni pa baa mara mbili, mara ya tatu nikaingia. Leo nyumbani nilivaa tai hii ili nije niwaambie niko salama. Mlikuwa tayari kunipigia makofi, naona."

Akalegeza tai kidogo.

"Miaka mingi mmetuletea hapa mtu aliyeacha pombe siku moja. Mimi nilijaribu mara tatu nikaanguka. Nikasema basi, yule Mungu anampenda, mimi hanitaki. Nikawa nakunywa kwa sababu hiyo pia." Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Kumbe mtu niliyekuwa nashindana naye hakuwahi kukimbia."

Akashuka.

Kwaya haikujua iimbe nini. Mchungaji alishika maiki, akaiweka chini. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akapiga magoti pale pale mbele, na mmoja mmoja watu wakaanza kupiga magoti. Nililia mpaka kola ya shati ikalowa, wala sikuona aibu.

Shemeji alipita viti vya mbele vyote, vingine vikiwa wazi, akaja kukaa kando yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa karibu yangu tangu siku aliyonifukuza.

Nikasogea kumpa nafasi.

"Jumatatu nina kliniki saa mbili," akasema, anaangalia mbele. "Pale mlangoni pa baa ndipo pananishinda."

"Nitakuja saa moja na nusu," nikasema. "Tutapitia barabara nyingine."

"Na usinishauri kitu njiani."

"Sitakushauri."

Tumepita barabara hiyo nyingine Jumatatu nyingi sasa. Usiniulize leo ana siku ngapi. Siku ni zake, atasema mwenyewe akitaka.

Mimi nitasema la kwangu. Nilifikiri unafiki ni mtu kuficha dhambi zake. Kumbe hata kuazima dhambi za wenzako ukazivaa ili upigiwe makofi ni ule ule. Unapojipamba mbele ya watu wa Mungu, kuna mmoja amekaa kimya anajipima na wewe, anajiona mfupi, na usiku huo ndio anaokata tamaa. Huyo Yesu alikuja kumtafuta, na wewe umemzibia njia kwa hadithi yako.

Sema ulivyo. Watapiga makofi machache, pengine hawatapiga kabisa. Lakini aliye pembeni yako atajua kwamba na yeye anaruhusiwa kusema.